Kunde Katika Kopo: Kumsaidia Mtoto Kueleza Kazi Yake ya Sayansi



Hutokea mara kwa mara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, mtoto akarudi nyumbani na agizo la mwalimu: apande mbegu, aichunguze, kisha aeleze mbele ya wenzake alichokiona. Agizo hilo huonekana dogo. Hata hivyo, tumeshuhudia mzazi mwenye nia njema aking'oa mche mzuri bustanini usiku wa kuamkia siku ya maonyesho, na kuutia katika kopo la mwanawe ambamo mbegu zilikuwa zimeoza. Mtoto alisifiwa. Lakini alipoulizwa mche ule uliota siku ya ngapi, aligeuka akamtazama baba yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kulea, basi, si kutenda badala ya mtoto, bali ni kumsindikiza hadi aweze kutenda mwenyewe. Tufanyeje?

Swali moja, tofauti moja

Jaribio jema huanza na swali ambalo mtoto mwenyewe anatamani kulijibu. Watoto wa pwani yetu wanalo karibu: kwa nini mikoko hustawi katika maji ya bahari, ilhali kunde haziwezi? Achukue makopo mawili yaliyotobolewa chini, udongo wa mahali pamoja, na mbegu tano tano za mavuno yale yale. Makopo yakae pamoja penye mwanga. Moja limwagiliwe maji ya kunywa, jingine maji ya bahari, kwa kipimo kile kile. Kwa kuwa kinachotofautiana ni maji tu, tofauti itakayoonekana itakuwa imetokana na maji.

Katika kopo la kwanza, kunde kwa kawaida huchomoza ndani ya juma moja. Katika la pili, huenda kisiote kitu. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo huizuia mbegu kufyonza maji inayoyahitaji ili iote. Mikoko, kinyume chake, imejaliwa njia zake. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, na mtoto aweza kuionja kwa ncha ya ulimi. Mkoko nao huotesha mbegu ingali juu ya mti mama, kabla haijaanguka topeni. Mpelekeni akaitazame pasipo kuikata, kwa maana humo samaki na kamba hukulia, na mikoko ya maingilio ya Ruvuma imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000.

Daftari lisiloficha

Kila baada ya siku mbili mtoto apime kwa rula, aandike tarehe na urefu, na achore alichokiona. Mwandiko ukipinda, uacheni upinde. Kuku akidonoa miche miwili, aandike hivyo hivyo. Mbegu iliyokufa si aibu; nayo ni jibu. Aibu ni kumfundisha mtoto, kwa mche wa kuazima, kwamba ukweli hautoshi mbele za watu. Anayezoeshwa uongo mdogo na wazazi wake atapata wapi ujasiri wa kukataa mkubwa?

Kusimama mbele ya wenzake

Siku ya kueleza ikikaribia, msimwandikie hotuba ya kukariri. Mpeni maswali matano: Niliuliza nini? Nilidhani nini? Nilifanya nini? Niliona nini? Nimejifunza nini? Ayajibu kwa maneno yake, jioni, mbele ya bibi na ndugu zake, akishika kopo mkononi. Nao wamuulize. Asipojua, ajizoeze kusema bila hofu: “Hilo sijui bado; nitalichunguza.” Na siku yenyewe, mzazi aliyealikwa asimnong'oneze kutoka nyuma.

Kanisa lina mfano wa kututia moyo. Padre Gregor Mendel, Mwagustino wa monasteri ya Brno, ambao leo ni mji wa Jamhuri ya Cheki, alichunguza maelfu ya mimea ya njegere tangu mwaka 1856 hadi 1863, akihesabu mbegu kwa rangi na umbo. Mwaka 1865 alieleza matokeo yake katika vikao viwili vya chama cha sayansi cha mji huo. Wachache mno walitambua uzito wake. Alifariki mwaka 1884, na ni mwaka 1900 tu wanasayansi walipotambua kwamba alikuwa amegundua kanuni za urithi wa sifa za viumbe. Hakupigiwa makofi ya kutosha, lakini hesabu zake zilikuwa za kweli, nazo zikadumu.

Katika Injili ya Marko 4:26-29, Bwana anatueleza habari za mtu aliyepanda mbegu, akalala na kuamka, nayo ikakua asivyojua yeye. Mzazi ana sehemu yake: udongo, maji, na subira. Kukua ni kazi ya Mungu, na kusimulia ni kazi ya mtoto. Tumwachie kazi yake, hata kama kopo lake litafika shuleni likiwa na mche mmoja mwembamba.