Kazi za habari na za hisani: tuwaruhusu watoto wetu?

 

Ijumaa moja, baada ya swala, mzee mmoja wa mtaani kwetu alitusubiri mlangoni mwa msikiti hadi watu wakapungua. Akasema, "Sheikh, nina jambo la nyumbani." Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwanawe wa kwanza, mwenye shahada ya maendeleo ya jamii, alifanya kazi miaka minne katika mradi wa afya uliofadhiliwa kutoka Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 akapewa barua ya kusimama kazi, na haukupita muda mradi wenyewe ukafungwa. Sasa yuko nyumbani. Na katika hali hiyohiyo mdogo wake wa kike, aliyemaliza kidato cha sita, ametangaza kuwa anataka kusomea uandishi wa habari. "Mmoja alikwenda kwa wafadhili, tumeona," mzee akasema. "Huyu naye anataka kwenda kwenye redio. Hizi nazo ni kazi, Sheikh?"

Hatukumjibu siku ile. Sababu ya kunyamaza kwetu tunaona haya kuieleza, lakini tutaieleza. Yapata miaka kumi na mitano iliyopita mzazi mwingine alituletea swali kama hilo kuhusu mwanawe, nasi tukamjibu kabla hajamaliza kusema: mpeleke akasomee uhasibu, habari ni kazi ya watu wa muziki na porojo. Kijana akatii. Uhasibu hakuumaliza, na kalamu ambayo walimu wake wote waliisifu ikalala. Tulitoa fatwa mahali palipohitaji ushauri, tena juu ya jambo ambalo hatukulichunguza, ilhali sisi ndio tunaosimama juu ya mimbari kuwasomea watu aya ya sita ya Suratul Hujurat inayoamrisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Safari hii tuliomba wiki mbili, tukauliza wenye kuzijua kazi hizo. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na kazi za hisani, kwa kuwa ndizo zinazotiliwa shaka zaidi na wazee wetu. Wengi huona kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kuwahudumia mafukara anakula haki ya mafukara. Dhana hii haina msingi. Aya ya 60 ya Suratut Tawba, inayotaja makundi manane yanayostahiki zaka, imewaweka wenye kuishughulikia zaka katika nafasi ya tatu, mara tu baada ya mafukara na masikini. Hawakupewa fungu kwa sababu ya umasikini wao, walipewa kwa sababu ya kazi yao: kukusanya, kuhesabu, kulinda na kugawa. Ujira wa mtumishi wa hisani, basi, una asili katika dini kabla ya shirika lolote la kisasa kuzaliwa.

Lakini ujira huo umewekewa mpaka. Wapokezi wa hadithi wamehifadhi habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Tunaomba wasomaji waishike habari hii, maana tutairudia tutakapofika kwenye bahasha za waandishi.

Katika zama zetu mfano ulio karibu ni Dkt. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyefariki mwaka 2013. Alikuwa tabibu bingwa, akaiacha hospitali na kuja Afrika, akianzia Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shirika aliloliasisi, ambalo wengi hapa kwetu walilijua kwa jina la Africa Muslims Agency, lilichimba visima, likajenga shule na kulea mayatima katika nchi nyingi za bara hili. Mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Watu humsifu kwa moyo wake, nasi tunamsifu, ila husahau kwamba moyo ule ulikuwa na elimu. Daktari huona ugonjwa uliko kabla ya kununua dawa.

Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea. Huingia katika mashirika kwa mlango wa moyo, au kwa mlango wa mjomba, bila fani mkononi. Tulimwita yule kaka wa binti, tukamuuliza ni kazi gani alikuwa akifanya. Kwanza alitaja cheo chake kirefu cha maneno sita. Tukamwambia aache cheo, atueleze alikuwa akiamka na kufanya nini. Ndipo ikadhihirika kwamba alikuwa akipita kaya kwa kaya na dodoso, akizihakiki takwimu za zahanati, akiandika taarifa za kila robo mwaka na kumweleza mfadhili kwa nini fedha fulani haikutumika. Hizo ni fani, na mradi ukifungwa haziondoki na magari yake.

Msiba uliompata haukuwa wake peke yake. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lililokuwapo tangu 1961, likafikia mwisho wake na shughuli zilizosalia kuhamishiwa wizara ya mambo ya nje. Zahanati, miradi ya wakimbizi na asasi ndogo za wilayani katika bara zima zilitikisika. Hata vyombo vya habari havikusalimika: Machi 2025 wengi wa wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1962, walipewa likizo ya lazima. Mzazi anayeuliza kama kazi hizi ni kazi ana haki ya kuuliza pia fedha yake inatoka wapi, itaisha lini, na ikiisha mtoto atabaki na nini. Ni maswali ya heri, na kijana aliyeitwa kwenye usaili anaweza kuyauliza bila kukosa adabu.

Tuongeze neno linalotuuma. Sisi Waislamu tuna misikiti, madrasa, vituo vya mayatima na mifuko ya zaka, na mingi ya mifuko hiyo huendeshwa kwa daftari moja na mweka hazina ambaye ni shemeji wa mwenyekiti. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake yatoe taarifa kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Wangapi wetu wanazo? Tunalalamika kwamba wafadhili wa nje wameondoka, na kijana anayejua kuandaa hesabu na taarifa za namna hiyo amekaa barazani kwa baba yake, hatua chache kutoka msikitini.

Kwa mwenye kutaka kuisomea fani hii, njia zipo na nyingine ni za zamani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, imekuwapo tangu 1973. Tengeru, karibu na Arusha, maendeleo ya jamii yamefundishwa tangu 1963, na si mbali na hapo, Usa River, kipo kituo kilichoanzishwa na Wadenmark kinachotoa kozi fupi kwa watu waliokwisha kuingia kazini. Umoja wa Afrika nao ulianzisha mwaka 2010 mpango wa vijana wa kujitolea, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wanaopelekwa kufanya kazi katika nchi nyingine za bara. Kujitolea huko si kupoteza wakati, mradi kijana ajue anajifunza nini na kwa muda gani. Anayeambiwa ajitolee miaka mitatu bila nauli wala fundisho anatumikishwa tu.

Sasa tuje kwa binti na redio yake.

Maulamaa wetu ndio waliotangulia kuuliza swali ambalo mhariri mzuri huuliza kila jioni: nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani? Wanazuoni wa hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha msimulizi mmoja, wakaandika vitabu vizima kuhusu nani mkweli, nani msahaulifu, nani muongo. Mtoto aliyelelewa katika madrasa, akafahamishwa maana ya isnadi, hafiki mgeni katika chumba cha habari. Tatizo ni kwamba tumewafundisha isnadi ya habari za miaka elfu na mia nne iliyopita, kisha tukawaacha wasambaze kwa simu kila uvumi wa leo asubuhi.

Na gharama ya kutofundisha tumeiona. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia kwa miezi sita redio mbili za dini, moja ya Kiislamu iliyoko Morogoro na moja ya Kikristo iliyoko Mwanza, kwa matangazo yaliyohukumiwa kuwa ya uchochezi. Wapo waliosema tumeonewa. Sisi hatuingii huko. Tunauliza tu ni watangazaji wangapi katika redio zetu za dini, wakati ule na hata leo, waliopata kukaa darasani hata mwezi mmoja kujifunza nini cha kufanya msikilizaji anapopiga simu na kuanza kutukana.

Sheria nayo imelifunga jambo hili. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 ziliweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Bodi ya Ithibati ikazinduliwa mwaka 2025. Zama za kuingia studio kwa sababu sauti yako ni nzito zimepita.

Hapa tunawaomba wazazi watege sikio. Anayetaka kuanza ngazi ya cheti baada ya kidato cha nne huhitaji ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Tumewaona watoto wenye alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu wakirudishwa kwa kupungukiwa somo moja, Kiingereza au Historia walilolipuuza. Waipende dini, na Historia waisome. Anayeanzia hapo huchukua miaka mitatu kufikia stashahada.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina skuli ya uandishi wa habari, iliyorithi chuo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1975. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, kina shahada ya mawasiliano ya umma. Zanzibar ipo SUZA. Mwanza kipo chuo cha Mtakatifu Augustino, cha Wakatoliki, na Waislamu wamesoma huko wakatoka na swala zao. Kuhusu mkopo wa serikali, ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyowakimbiza wazee wengi kwa kuhofia riba iliondolewa mwaka 2021. Na kwa aliyekwisha kuiva, DW Akademie ya Bonn na taasisi ya mafunzo ya Al Jazeera ya Doha hufundisha waandishi kutoka Afrika. Ipo pia tuzo ya BBC iliyopewa jina la Komla Dumor, mtangazaji wa Ghana aliyefariki 2014. Mwaka 2017 ilichukuliwa na Amina Yuguda wa Nigeria, na mwaka 2024 na Rukia Bulle wa Kenya. Anayesema mabinti hawana nafasi humo, hawa ni jirani zetu.

Tusifiche machungu yake. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hana mkataba, hulipwa kwa habari iliyochapwa, na nauli ya kuifuata habari hutoka mfukoni mwake. Humo ndimo bahasha inamopenya. Mwenye mkutano humpa "nauli", mwandishi hupokea, na habari huandikwa kama mwenye bahasha anavyotaka. Yule Ibn al-Lutbiyya angeielewa vyema hali hii. Hatuwezi kumlaani mwenye njaa, lakini mzazi anayempeleka mwanawe katika kazi hii amwandae kwa miaka miwili mitatu ya kumsaidia chumba na chakula, ili asianze kazi kwa kuuza kalamu. Na lipo onyo jingine: tangazo la kazi, liwe la shirika au la redio, likidai ada ya fomu, ya usaili au ya "kufungua faili", ni la wezi. Umoja wa Mataifa wenyewe umetangaza kwamba hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri.

Wiki mbili zilipotimia, mzee alikuja nyumbani pamoja na binti yake. Tulikuwa tumemtaka binti alete kitu alichokiandika mwenyewe. Alileta kurasa mbili kuhusu kisima cha mtaa ambacho kilichangiwa na hakitoi maji. Alikuwa amemhoji mama anayeuza maji ya ndoo, fundi wa pampu na mjumbe wa kamati. Mwishoni aliandika kwamba mwenyekiti wa mtaa hakupatikana kutoa maelezo yake.

Mzee alizisoma taratibu, miwani puani. Akauliza, "Ulimfuata mara ngapi?"

"Mara tatu, baba. Ya mwisho alikuwepo, mkewe akasema hayupo."

"Mbona hilo hukuliandika?"

"Sikumwona kwa macho yangu. Nilisikia kikohozi tu."

Mzee akazikunja kurasa zile, akazitia mfukoni mwa kanzu, na akatuuliza mwisho wa kupeleka fomu za chuo ni lini.