Ukurutu wa Mtoto Mchanga na Tuhuma dhidi ya Maziwa ya Kopo

Ukurutu wa utotoni, ambao nchini Tanzania huitwa pia pumu ya ngozi, ni ugonjwa wa muda mrefu unaoifanya ngozi ikauke, iwashe na kuvimba, ukitulia kwa wiki kadhaa kisha ukarejea. Kwa kawaida huanza katika miezi sita ya kwanza, mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, huku sehemu inayofunikwa na nepi ikisalimika. Vitabu vingi huutambulisha kwa wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama rangi ya zambarau, ya kijivu au weusi uliokolea, ukiambatana na vipele vidogo vinavyokwaruza kiganja kinapopitishwa juu yake, na unapotulia huacha mabaka yaliyofifia ambayo wazazi wengi huyadhania kuwa fangasi.

Umri huo ndio ambao akina mama wengi hurudi kazini na mtoto huanzishiwa maziwa ya kopo, yaani maziwa ya unga yanayotengenezwa hasa kutokana na maziwa ya ng'ombe. Matukio mawili yanapofuatana hivyo, la kwanza hubebeshwa lawama ya la pili, ingawa watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee nao hupata ukurutu.

Chanzo hasa kimo katika ngozi yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, pamoja na wenzao, waliuhusisha ugonjwa huu na hitilafu za kurithi katika jeni ya filagrini, protini inayolisaidia tabaka la juu la ngozi kushikamana na kuhifadhi maji. Na ijapokuwa hitilafu hizo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, udhaifu wa ngozi hauwakosi. Ngozi dhaifu hupoteza unyevu na kupenyeza chembechembe za vyakula vilivyomo katika mazingira ya mtoto, na kinga ya mwili inayokutana na protini kwa njia hiyo, badala ya kupitia tumboni, huweza kujifunza kuipinga. Kwa hiyo mzio wa maziwa mara nyingi huufuata ukurutu badala ya kuuleta.

Hata hivyo mzio huo upo, na daktari huufikiria zaidi pale ukurutu unapokuwa mkali, ulioanza mapema na usiotulia kwa tiba sahihi, hasa mtoto anapotapika, anapoharisha, anapotoa kinyesi chenye damu au asipoongezeka uzito. Kinachopingwa na mwili ni protini, yaani kaseini na zile za kimiminika kinachobaki maziwa yanapoganda, wala si laktosi, ambayo ni sukari. Ndiyo maana kopo lililoandikwa kuwa halina laktosi halimsaidii mtoto huyu. Maziwa ya mbuzi, ambayo jirani mwenye nia njema hakosi kuyapendekeza, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na kuyachemsha hakuiondoi kaseini.

Mzio wa papo hapo hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili kwa mabaka yaliyovimba, midomo kujaa, kutapika au kupumua kwa shida, na mtoto wa namna hiyo hajaribiwi nyumbani kamwe. Ule unaochelewa, ambao huweza kuamsha ukurutu baada ya saa nyingi au siku mbili tatu, hauna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, hivyo hutafutwa kwa kuondoa maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne chini ya uangalizi, kisha kuyarudisha. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye ushahidi, kwa kuwa ukurutu hupungua na kuzidi wenyewe bila kujali mtoto amekunywa nini. Katika kipindi hicho mtoto anayenyonya huendelea kunyonya, na anayetegemea kopo hupewa maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, bidhaa ya bei kubwa na isiyopatikana kila duka la dawa. Uji mwepesi au kinywaji cha mchele haviwezi kushika nafasi yake: wako watoto waliopata kwashakoo, utapiamlo wa kukosa protini, baada ya kunyimwa maziwa kwa sababu ya ukurutu.

Tiba ya ngozi haisubiri matokeo ya jaribio. Mafuta mazito yasiyo na manukato hupakwa kwa wingi mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, na sehemu zilizovimba hupakwa haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari ni jambo jingine, kwani nyingi zina steroidi kali inayoituliza ngozi upesi, ikauficha hata upele wa utitiri, ambao hudhihirika kwa familia nzima kujikuna usiku. Mtoto aliyethibitishwa kuwa na mzio huacha maziwa ya ng'ombe kwa angalau miezi sita, au hadi afikishe miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha hujaribiwa tena, na wengi huyavumilia kabla ya kuanza shule.