Kabla hujanunua jiwe la jikoni, beba ndimu

Mwaka jana mama yangu, kule Kibosho, alikarabati jiko lake kwa hela ya kahawa. Alitaka vitu vya asili vinavyoendana: kaunta ya jiwe jeupe na makabati ya mgrivea kutoka kihambani. Muuzaji akamhakikishia, "Mama, hii ni granaiti kabisa." Wiki ya pili kipande cha ndimu kililala juu ya kaunta usiku kucha. Asubuhi palikuwa na duara lililofifia, na sabuni haikulitoa.

Kumbe halikuwa doa. Jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa.

Marumaru halisi (siyo vigae vya sakafuni ambavyo mtaani tunaviita marumaru) ni mawe ya chokaa yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini. Yamejaa kalsiamu kaboneti, na asidi ya ndimu, siki au ukwaju huiyeyusha. Granaiti imejengwa na madini ya silika, ambayo asidi za jikoni haziyawezi. Kwa macho, hasa likishang'arishwa, jiwe linaweza kukudanganya.

Kwa hiyo omba kipande cha sampuli. Dondoshea ndimu, subiri dakika 15, ufute, kisha ulitazame kwa kulilaza kuelekea mwanga. Mng'ao ukififia, hilo si granaiti. Usitegemee mapovu peke yake, maana kuna marumaru zinazoliwa polepole. Kisha dondoshea mafuta ya kupikia. Yakizama na kuacha weusi, jiwe lina vitundu. Mawe yetu ya volkano ya Kilimanjaro hayaogopi ndimu, ila mengi yana vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipopoa. Yanafaa, mradi yazibwe kwanza kwa dawa ya kuzuia maji na mafuta.

Mbao nazo zina yake. Mgrivea wa mama ulipasuliwa katikati ya masika, makabati yakafungwa baada ya wiki chache tu. Kufika kiangazi, milango ilikuwa imepinda. Maji yakishuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta za seli huanza kusinyaa. Mbao husinyaa kwa upana, siyo kwa urefu, na pande zake hazisinyai sawa. Ndiyo maana hupinda.

Huhitaji kifaa cha bei. Panga mbao kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, kisha pima kipande kimoja kwenye mzani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mwite fundi. Ukikaushia Moshi mjini, ziache wiki kadhaa kule juu kabla ya kuzitumia. Hewa ya mlimani ina unyevu zaidi, na mbao huufuata.

Kaunta ya mama ilisuguliwa upya, safari hii bila kung'arishwa, ili alama zisionekane sana. Ndimu sasa hukatiwa kwenye ubao. Mbao za milango mipya bado ziko kivulini, na kila Jumapili mama hunitumia uzito wake kwa meseji.