Kabla hujaibadilishia pikapu yako injini

KATIKA mitaa mingi ya jijini Nairobi hukosi kuiona pikapu iliyokula chumvi nyingi. Rangi imechujuka na ubavu umebonyea, lakini ndiyo inayoleta viazi na kabeji kutoka shambani, ndiyo inayobeba bidhaa za duka, na karo ya watoto hutoka mgongoni mwake muhula baada ya muhula. Siku injini yake inapoanza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi, jamii nzima hukosa usingizi.

Kununua gari jingine ni mzigo usiobebeka kwa wengi. Wazo la kwanza basi huwa ni kubadilisha injini. Kila jirani hugeuka mshauri: huyu anasema weka kubwa, yule anasema weka ya turbo, mwingine anamjua mtu anayeuza kwa bei ya chini. Ndugu msomaji, usiwe mwepesi kufungua mkoba. Injini inayokufaa si ile yenye nguvu kuliko zote sokoni, bali ni ile itakayopatana na giaboksi, breki, rejeta na mfuko wako.

Je, imekufa kweli?

Kabla ya kuizika injini, hakikisha imekata roho. Tazama moshi. Moshi wa samawati huonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na dizeli kuzidi au hewa kupungua, na huenda dawa yake ikawa chujio jipya la hewa au nozeli zilizosafishwa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto waweza kuwa ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Ukifungua kifuniko cha oili na kukuta utando kama chai ya maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Hayo yote yaweza kutibika bila kununua injini nyingine.

Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Silinda zote nne zikiwa dhaifu, injini imechakaa. Moja tu ikiwa dhaifu, tafuta ugonjwa wa hiyo moja kwanza.

Njia tatu

Ikithibitika kwamba injini imechakaa, una njia tatu mbele yako.

Ya kwanza ni kuifungua yote na kuikarabati. Bloku hupelekwa kwenye karakana ya mashine, silinda zikachongwa na kutiwa pistoni zilizo kubwa kidogo, kranki ikasagwa, kisha ringi na beringi mpya zikatiwa. Faida yake ni kwamba kila kitu kinarudi pale pale kilipokuwa, na nambari ya injini haibadiliki. Udhaifu wake ni kwamba kazi hiyo yataka fundi mwenye subira na spea halisi. Pistoni bandia zitakurudisha gereji kabla mwaka haujaisha.

Njia ya pili ni kununua injini ya mtumba ya aina ile ile. Ya tatu ni kuweka injini ya aina nyingine kabisa. Hii ya tatu ndiyo yenye ahadi nyingi, na pia ndiyo yenye mitego mingi.

Mfano wa Hilux

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux za kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, zile zilizotengenezwa kati ya 1983 na 1997, ambazo zingali zinapanda milima yetu. Nyingi zilikuja na injini za dizeli za ukoo mmoja unaoitwa L. Kuna 2L yenye ukubwa wa cc 2,446, kuna 3L yenye cc 2,779, na ndugu yao mkubwa 5L yenye cc 2,986. Zote zina silinda nne na hazina turbo.

Kwa kuwa hizi ni za tumbo moja, anayetoa 2L iliyochakaa na kuweka 3L au 5L ya pampu ya kawaida hapati taabu nyingi. Giaboksi hukubali, mikono ya kushikia injini hukubali, na nyaya hazibadiliki sana. Nguvu inaongezeka bila gari kukatwakatwa. Kwa jamii nyingi, hapo ndipo penye nafuu.

Jihadhari, hata hivyo, na kitu kimoja. Injini nyingi za L sokoni zilitoka kwenye magari ya abiria kama Hiace, ambayo hayana difu ya mbele kama yako. Sampu ya oili ya magari hayo ina umbo jingine, na ukiiweka kwenye Hilux ya magurudumu manne itagongana na difu. Kwa hivyo usimwachie fundi sampu yako kuukuu pamoja na bomba lake la kuvutia oili. Vitahitajika.

Kutoka petroli hadi dizeli

Wapo wenye Hilux za petroli, kwa mfano zile za injini ya 22R ya cc 2,366, ambao wanataka kuhamia dizeli ili kupunguza gharama ya mafuta. Wazo si baya, lakini usihesabu bei ya injini peke yake. Tangi litaoshwa na kuwekewa bomba la kurudisha dizeli inayobaki. Utahitaji chujio la kutenganisha maji, betri yenye nguvu zaidi, na nyaya za plagi za kupasha moto. Mahali injini inapofungana na giaboksi huenda pasilingane.

Kuna jambo jingine ambalo ni la uhai na mauti. Injini ya petroli huvuta hewa kwa namna ambayo husaidia busta ya breki kufanya kazi. Dizeli haivuti hivyo. Kwa sababu hiyo injini za L zina pampu ndogo ya kuvuta hewa, mafundi huiita vakyumu, nayo imeshikana na mgongo wa alteneta. Ukiuziwa injini yenye alteneta isiyo na pampu hiyo, breki zitakuwa ngumu kama jiwe siku utakapoteremka na mzigo. Usikubali gari litoke gereji kabla ya jambo hili kukaguliwa.

Aidha, dizeli haizunguki kwa kasi kama petroli, na fundi aweza kushauri difu ibadilishwe. Kumbuka kwamba katika gari la magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja wa meno. Ukibadilisha moja na kuiacha nyingine, siku utakapoingia matopeni na kuunganisha magurudumu yote, kitu kitavunjika.

Vipi kuhusu turbo?

Swali hili lina uzito hasa kwa sisi tunaoishi nyanda za juu. Hewa hupungua kadiri unavyopanda. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari. Injini inayotoa nguvu za farasi 90 Mombasa hubaki na kama 75 ikifika Nairobi, na ikifika Kinangop, penye zaidi ya mita 2,400, hubaki na kama 68. Ndiyo maana pikapu iliyokwenda vizuri pwani huonekana mgonjwa ikipanda kutoka Naivasha. Turbo huisukumia injini hewa na kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo.

Hivyo wengi hutamani 1KZ-TE, ile ya cc 2,982 yenye turbo. Nguvu inazo. Lakini pampu yake huongozwa na kompyuta, kwa hivyo ni lazima ununue injini pamoja na kompyuta yake, nyaya zake zote na vihisio vyake. Waya mmoja ukikatwa ovyo, utawatembelea mafundi wa umeme mpaka uchoke. Injini hiyo pia haivumilii joto kupita kiasi, sawa na 2L-T, ile 2L yenye turbo, ambayo sifa yake mbaya ni kupasuka silinda hedi. Ukiiweka nyuma ya rejeta nyembamba ya zamani, utakuwa umenunua ugonjwa mpya.

Mwenye pikapu ya kubebea viazi hahitaji kasi. Anahitaji injini inayovuta taratibu kwa gia ya chini, inayopatikana spea zake mahali popote, na ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua bila kompyuta. Kutangulia si kufika.

Ukienda kununua

Ukienda Kirinyaga Road, au Industrial Area, usiende peke yako. Nenda na fundi atakayeifunga injini, si yule aliyependekezwa na muuzaji. Taka iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, subiri ipoe. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili: pumzi kidogo si hoja, lakini moshi ukitoka kwa msukumo kama wa birika, ringi zimekwisha. Tazama kama kuna kutu kwenye njia za maji. Angalia vizibo na nati za silinda hedi kama zimewahi kufunguliwa.

Ukishainunua, usiifunge garini kabla ya kubadilisha mkanda wa taimingi, sili za oili na pampu ya maji. Injini za L hutumia mkanda, na mkanda ukikatika njiani, vali zaweza kugongana na pistoni. Kazi hiyo ni rahisi injini ikiwa chini, na ni ghali ikiwa imeshafungwa. Osha rejeta pia, na utazame klachi.

Kwa hivyo, unapopanga bajeti, usipeleke senti zote kwa muuzaji wa injini. Andika kwenye karatasi injini, mkanda, sili, klachi, oili, rejeta, ufundi na usafiri, kisha uongeze fungu la dharura. Ikiwa jumla hiyo inakula karo ya muhula ujao, njia ya ukarabati huenda ikawa bora, kwa maana unaweza kununua spea kidogo kidogo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukiibadilisha injini, unapaswa kuijulisha NTSA, gari likaguliwe na rekodi irekebishwe, hasa ikiwa umehama kutoka petroli hadi dizeli. Kwa hivyo usilipe kabla ya kusoma nambari iliyopigwa kwenye bloku na kuiona ikiandikwa kwenye risiti. Omba nakala ya stakabadhi zilizoingiza injini hiyo nchini. Nambari ikiwa imekwaruzwa au kusagwa, ondoka, hata kama bei ni ya kuchekesha. Huenda ikawa imeibwa, na polisi watakapoisimamisha pikapu, maswali yatakuwa yako, si ya muuzaji. Kampuni ya bima nayo yaweza kukataa kulipa baada ya ajali ikigundua kwamba gari lililoandikwa si lile lililoanguka.

Baada ya injini kufungwa, liendeshe gari bila mzigo kwa siku chache. Tazama kipimo cha joto kila wakati, pima maji na oili kila asubuhi, kisha umrudishe fundi akakaze nati na kutafuta mivujo. Mzigo wa viazi uje baadaye. Pikapu iliyowalisha kwa miaka 20 inastahili kusubiriwa wiki moja.