Nyumba za Kutunzia Wazee Huko Marekani: Jinsi ya Kuijua Iliyo Njema

Yako majina ambayo yakivuka bahari hubadili maana. Hapa Kenya jina la Kiingereza ambalo tungelifasiri "nyumba ya uuguzi" hupewa hospitali ndogo ya mtu binafsi, na mara nyingi wanawake huenda humo kujifungua. Huko Marekani jina hilo hilo ni la mahali pengine kabisa. Ni nyumba wakaamo wazee na wagonjwa wa siku nyingi, watu wasioweza tena kuoga, kuvaa, kula au kujigeuza kitandani bila kusaidiwa. Wengine huingia kwa majuma machache tu, mathalan baada ya kuvunjika nyonga, kisha hurudi kwao. Wengine hukaa humo mpaka kufa. Nyumba za namna hii ni kama 15,000, na watu waliomo ni zaidi ya milioni moja.

Jambo hili latuhusu. Wengi wa ndugu zetu waliokwenda Marekani hufanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee hao. Na baadhi ya wale waliokwenda zamani wakiwa vijana sasa wamezeeka wenyewe, na watoto wao hawana budi kuamua baba au mama atatunzwa wapi. Wapo watakaosema kwamba kumpeleka mzazi kwenye nyumba kama hiyo ni aibu. Mwandishi wa makala haya haingii katika ugomvi huo, maana hajapata kuishi katika chumba kimoja huko ugenini, akiwa na kazi mbili na mgonjwa wa kuinuliwa usiku. Swali letu ni jingine: mtu akiisha kuamua, atajuaje kama nyumba aliyoonyeshwa ni njema?

Wengi hudanganywa na mlango wa mbele. Wakuta zulia safi, maua mezani, na bibi mkarimu wa ofisini anayewatembeza. Vitu hivyo si vibaya, lakini havimwoshi mtu. Yule bibi wa ofisini huenda nyumbani kwake jioni, na mzee hubaki. Kinachomtunza mzee ni mikono ya watu walio zamuni, na ubora wa nyumba nzima wategemea mikono hiyo ni mingapi, imefundishwa nini, na iko wapi saa nane za usiku.

Tutwae mfano mmoja, nao ni wa vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, uzito wa mwili wake hubana nyama iliyo kati ya mfupa na kitanda, na damu haipiti vema. Kwanza ngozi huwa nyekundu, au kwa mtu mweusi hugeuka rangi na kuwa ngumu au ya moto, na ikibonyezwa kwa kidole rangi hiyo haififii. Huo ni mwanzo, na ukionekana siku hiyo hiyo waweza kuponywa kwa kumgeuza tu. Usipoonekana, ngozi hufunguka. Kisha kidonda huchimba ndani, na kikiachwa hufika mfupani, sumu ikaingia katika damu, na mzee akafa. Mahali pa kutazama ni visigino, nyonga, na mfupa wa chini wa mgongo. Desturi iliyozoeleka ni kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili hivi, ingawa wengine huhitaji upesi zaidi. Basi hesabu mwenyewe: msaidizi mmoja aliyepewa watu ishirini usiku, kumi kati yao wakiwa hawajigeuzi, atawezaje kuwafikia wote na huku kengele zalia vyumba vingine? Kidonda si lazima kitokane na ukatili. Mara nyingi hutokana na hesabu.

Serikali ya Marekani ilianza kulipia nyumba hizi kwa wingi baada ya sheria za mwaka 1965 zilizoanzisha Medicare, yaani bima ya matibabu ya wazee, na Medicaid, ambayo ni msaada kwa wasio na uwezo. Nyumba ziliongezeka, na maovu nayo yakaongezeka. Wazee walifungwa vitini kwa mikanda ili wasisumbue. Mwaka 1986 halmashauri ya wataalamu ilitoa taarifa kali juu ya hali hiyo, na mwaka 1987 ikapitishwa sheria mpya. Sheria hiyo yasema kwamba mkaaji ana haki ya kusaidiwa abaki na nguvu zake zote anazoweza kuwa nazo, na kwamba ni marufuku kumfunga kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi. Kadhalika yakataza kumpa dawa kwa kusudi hilo, na katika jambo hili la dawa jamaa yafaa wawe macho hasa. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa wagonjwa wa akili ambazo humfanya mzee aliyepotewa na fahamu akae kimya siku nzima. Na mwaka 2005 idara ya Marekani isimamiayo dawa ilionya kwamba dawa hizo huongeza hatari ya kufa kwa wazee wa namna hiyo. Mzee aliyekuwa akizungumza wiki jana, na leo anasinzia tu, yapasa aulize mtu: amepewa nini, na kwa ajili ya ugonjwa gani?

Kwa sheria hiyo wakaguzi huja bila kutoa habari. Kati ya ukaguzi mmoja na wa pili haipiti miezi 15, na mtu akiwatolea wenye nyumba siri ya siku ya ukaguzi aweza kutozwa faini. Kila kosa wanaloliona huandikwa na kupewa herufi, tangu A, ambayo ni kosa dogo la mahali pamoja, mpaka L, ambayo ni hatari ya mauti iliyoenea nyumba nzima. Kuanzia herufi G kwenda mbele maana yake ni kwamba kuna mtu aliyeumia kweli, au aliye katika hatari kubwa. Taarifa ya ukaguzi wa mwisho hapana budi iwekwe mahali ambapo wakaaji na jamaa zao waweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Ukiuliza ilipo, na mwenyeji akaanza kutafuta ufunguo wa kabati, hilo nalo umekwisha kulisoma.

MANENO YA NYOTA

Tangu Desemba 2008 Serikali ya Marekani huzipa nyumba hizi nyota, moja hadi tano, na kuzitangaza katika intaneti mahali paitwapo Care Compare. Ni msaada mkubwa, lakini nyota zataka kusomwa kwa akili, kwa maana zatoka katika visima vitatu visivyo na maji sawa.

Kisima cha kwanza ni ukaguzi. Hizo ndizo nyota za msingi, nazo zatokana na macho ya watu wasio wa nyumba hiyo. Ila hulinganishwa ndani ya jimbo moja tu: asilimia 10 ya nyumba zilizo bora katika jimbo hupata nyota tano, na asilimia 20 za mwisho hupata moja. Kwa hiyo nyumba ya nyota nne katika Texas haiwezi kulinganishwa na ya nyota nne katika Massachusetts.

Cha pili ni hesabu ya wafanyakazi. Hapo zamani wenye nyumba walijaza karatasi wenyewe wakati wa ukaguzi, na unaweza kufikiri jinsi walivyokuwa wengi siku hizo. Tangu mwaka 2016 hawana budi kupeleka habari zitokazo katika daftari la mishahara, siku kwa siku, na tangu 2018 nyota huhesabiwa kwa habari hizo. Daftari la mishahara ni shahidi mgumu, maana hakuna tajiri apendaye kuandika kwamba amemlipa mtu asiyekuwapo. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba siku za Jumamosi na Jumapili wauguzi hupungua, hali wazee hawapungui. Kuanzia 2022 hesabu ya siku hizo mbili hutangazwa peke yake, pamoja na hesabu ya wafanyakazi wanaoacha kazi katika mwaka.

Kisima cha tatu ni hali ya wakaaji: wangapi wameanguka na kuumia, wangapi wana vidonda, na mengineyo. Sehemu kubwa ya habari hizi huandikwa na nyumba yenyewe. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha hesabu za hospitali na hesabu zilizotolewa na nyumba hizo kwa miaka 2011 hadi 2015, wakaona kwamba katika maanguko makubwa yaliyompeleka mzee hospitali, nyumba zilikuwa zimeandika kama asilimia 57 tu. Basi nyumba yenye nyota tano katika sehemu hii, lakini mbili katika ukaguzi na mbili katika wafanyakazi, imejisifu yenyewe. Na ukiona alama ya mkono katika duara jekundu, ujue kwamba nyumba hiyo ilipatikana na kosa la kumtendea mkaaji vibaya. Alama hiyo ilianza 2019.

Kuna jambo moja ambalo mtu mwenye kalamu aweza kulifanya hapo hapo mlangoni. Kila siku, mwanzo wa kila zamu, nyumba hubandika karatasi ionyeshayo wakaaji ni wangapi, na saa za kazi za wauguzi waliohitimu na za wasaidizi wao. Jumlisha saa za siku nzima, ugawanye kwa wakaaji. Wakaaji wakiwa 60 na saa zote 210, kila mmoja amepata saa tatu na nusu. Rudi Jumapili: kama saa ni 150, amepata mbili na nusu. Uchunguzi uliotolewa kwa Serikali mwaka 2001 ulionyesha kwamba madhara huzidi saa hizo zikiwa chini ya 4.1. Mwaka 2024 Serikali iliweka kanuni ya saa 3.48 kuwa kiasi cha chini kabisa. Lakini wenye nyumba walishtaki wakisema watu wa kuajiri hawapatikani, na mwaka 2025 hakimu mmoja huko Texas akaitangua. Kwa hiyo hesabu hii yabaki mikononi mwa jamaa.

Saa ya kwenda ni jioni ya Jumapili, wakati wa chakula. Utazame kama mtu asiyeweza kushika kijiko amekaliwa na mtu karibu, au sahani imewekwa mbele yake na kuondolewa imejaa. Utazame kama gilasi ya maji iko mahali mkono unapofika. Kengele ikilia, tazama saa yako. Uliza uzito wa mzee mwezi uliopita na mwezi huu, maana akipungua asilimia 5 katika mwezi mmoja si jambo dogo. Harufu ya mkojo mahali pamoja yaweza kuwa ajali ya asubuhi hiyo. Ikiwa ukumbini kote, si ajali. Na harufu kali ya dawa za kusafishia huficha mengi.

Zaidi ya hayo, zungumza na wasaidizi. Sheria ya Serikali Kuu yataka wafundishwe saa 75 tu, ingawa majimbo mengine huzidisha, na mshahara wao ni mdogo; lakini hao ndio waujuao mwili wa mzee. Mmuulize msaidizi amekaa hapo muda gani, na leo ana watu wangapi. Kama ni mtu wa kwetu, muulize kwa Kiswahili, atakueleza mengi ambayo hayamo katika nyota.

Aliye na malalamiko asingoje ukaguzi ujao. Kila jimbo lina ofisi ya kukagua nyumba hizi, ambayo hupokea malalamiko na kutuma watu. Kadhalika, kwa sheria ya mwaka 1978, kila jimbo lina mtetezi wa wakaaji, asiyeajiriwa na wenye nyumba, naye hafichui jina la mlalamikaji pasipo idhini yake. Kazi yake haina malipo, na jina la ofisi yake na namba ya simu hapana budi vibandikwe ukutani ndani ya nyumba, mahali ambapo hata aliye katika kiti cha magurudumu aweza kusoma.