Mbegu ya Shea: Nusu Yake ni Mafuta

Katika nyika za kaskazini mwa Uganda, tangu Moyo na Adjumani hadi Kitgum, Agago na Otuke, huota mti wa asili uitwao shea. Mafuta yake Waacholi huyaita moo yaa. Aghalabu mti huu haupandwi. Huota wenyewe, na wakulima wenye busara huuacha wanapofyeka mashamba yao.

Tunda lake ni tamu, nalo huiva katika miezi ya kulima, wakati ghala za nafaka zimepungua. Lakini hazina kubwa zaidi imo ndani ya mbegu. Takriban nusu ya uzito wa kiini kilichokauka ni mafuta. Protini yake ni kidogo. Kwa hiyo shea haiwezi kushika nafasi ya maharagwe wala njugu, bali huandamana navyo.

Mafuta hayo yamejengwa hasa kwa asidi mbili: oleiki, ambayo huyafanya yawe laini, na steariki, ambayo huyagandisha. Shea ya Uganda ina oleiki nyingi kuliko ile ya Afrika Magharibi, na ndiyo sababu mafuta yake ni mororo na huyeyuka upesi penye joto.

Gramu moja ya mafuta huupa mwili nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya wanga. Kijiko kimoja katika uji humfaa mtoto ambaye tumbo lake dogo haliwezi kupokea chakula kingi. Mafuta yakitiwa katika mboga za majani, mwili hupata vitamini A kwa wepesi zaidi.

Mama wa nyumbani na azingatie haya. Matunda yaliyoanguka yaokotwe mapema, kabla mbegu hazijachipua. Baada ya kuondoa nyama ya tunda, mbegu zichemshwe, kisha zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Moto huo huzima vimeng'enya ambavyo, vikisaidiwa na unyevu, huvunja mafuta na kuyafanya yawe machungu. Kiini chenye ukungu kitupwe, maana huenda kina sumu. Mafuta yaliyokamuliwa yahifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua.

Adui mkubwa wa mti huu ni mkaa. Shea huweza kukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, lakini shoka huuangusha kwa muda mfupi tu. Mwaka 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kukomesha uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, na vyombo vya usalama vikapewa wajibu wa kuitekeleza. Askari anayelinda amri hiyo barabarani, huku jikoni kwake kukiwa na gunia la mkaa wa shea, hubomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Gunia moja la mkaa huisha upesi; mti uliobaki wima huendelea kuwapa mafuta watoto na wajukuu.