Mtoto na Chombo cha Muziki: Vidole Peke Yake Havitoshi

Katika shule nyingi za vilima vya Machakos husikika, masomo ya mchana yakiisha, sauti za filimbi zile za mashimo ziitwazo rekoda. Watoto husimama chini ya mti, kila mmoja na filimbi yake, wakapiga wimbo mmoja pamoja na kuumaliza vizuri. Mzazi apitaye njiani hufurahi, naye ana haki, maana filimbi ile ilinunuliwa kwa fedha za maharagwe. Lakini mwalimu akihamishwa kwenda Kitui au Makueni, mara nyingi filimbi hizo hulala kimya. Si kwamba watoto wamekuwa wavivu. Walifundishwa nyimbo tatu kwa kuambiwa, "Ziba tundu hili, fungua lile," na nyimbo hizo tatu zikiisha hawana njia ya kuifikia ya nne.

Walichokosa ni nadharia ya muziki. Jina hilo huwatisha watu, wakadhani ni elimu ya wataalamu wa vyuo vikuu, kumbe ni majina na vipimo tu: sauti ipi iko juu ya ipi, kwa umbali gani, na kila moja hudumu muda gani. Mtu wa Machakos hahitaji mfano wa mbali. Ayatazame matuta ya fanya juu kwenye shamba la mlimani. Mistari mitano ya kuandikia noti ni kama matuta matano, na noti hutambulikana kwa mahali ilipokaa, juu ya tuta au katika nafasi iliyo kati ya matuta mawili. Kadiri ipandavyo, ndivyo sauti ipandavyo. Karani naye ataona ya kuwa kipimo cha mapigo manne ni kama ukurasa wa hesabu. Noti moja ya mapigo mawili na noti mbili za pigo moja moja, jumla imetimia; ukiongeza nusu pigo, hesabu inakataa.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya tajiri mwenye piano. Habari za solfa zaonyesha kinyume. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alitunga njia ya kufundisha kuimba kwa herufi. Kasisi John Curwen (1816–1880) akaichukua na kuiendeleza tangu miaka ya 1840, ili watoto wa shule za Jumapili na watu wasio na fedha wapate kusoma nyimbo. Do, re, mi, fa, so, la, ti: herufi za mwanzo za majina hayo zaweza kupigwa chapa kwa mashine ya kawaida, bila mistari wala noti. Kwa hiyo wamisionari waliileta Afrika, na wako waimbaji wa kwaya wasomao sauti ya pili au besi katika karatasi ya solfa, ijapokuwa hawajagusa kinanda maishani mwao.

Siri ya solfa ni kwamba do haikufungwa mahali pamoja. Yaweza kuanzia chini kwa ajili ya wanaume, au juu kwa ajili ya watoto, na umbali kati yake na ndugu zake haubadiliki. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do ya juu, pana nusu toni. Kwingine kote ni toni nzima. Anayetaka kuhakikisha achukue gitaa. Waya usioshikwa auite do. Kila nafasi katika shingo ya gitaa ni nusu toni, basi re iko nafasi ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu ya 12. Ajaribu kwa waya mwingine wowote, hesabu ni ile ile. Mtoto aliyeielewa, akiambiwa na mwimbaji kwamba wimbo uko juu mno, huushusha papo hapo. Yule aliyekariri vidole hubaki akipapasa kama mtu aliyeangusha senti gizani.

Hapa wazee watauliza: je, wapiga ngoma wa Ukambani walisoma karatasi gani? Na Kakai Kilonzo (1954–1987) wa Kilimambogo, ambaye bendi yake ilivuma nchi nzima, je? Wapiga gitaa wengi wa kizazi chake walijifunza kwa sikio. Swali ni la haki, lakini kujifunza kwa sikio hakuna maana ya kukosa kanuni. Mpiga ngoma ajua barabara pigo zito linapoanguka, na mchezaji ajua firimbi ya kiongozi inaamuru nini. Mapigo matatu yaendayo sambamba na mawili, yanayowasumbua wanafunzi wa ng'ambo, mtoto aliyelelewa penye ngoma huyashika kwa miguu kabla hajajua kusoma. Kanuni hizo huzipata kwa kukaa miaka na wakubwa wake, hali mwanafunzi wa shule ana vipindi vichache tu kwa juma. Mwalimu anayefungua kitabu na kuisahau miguu hiyo anakosea sana, ila kosa ni lake, si la nadharia.

Wimbo wa Taifa wenyewe ni ushahidi. Mwaka 1963 wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, waliutunga kutokana na wimbo wa Kipokomo ambao akina mama wa Mto Tana huwabembelezea watoto. Ulipokwisha kuandikwa kwa noti, bendi iliweza kuupiga na kwaya kuuimba, hata ya watu wasiopata kukanyaga ukingo wa Tana.

Mitihani nayo haimsamehe mtoto. Katika KCSE, iliyoanza mwaka 1989, muziki umepimwa kwa kupiga, kwa kusikiliza na kwa kuandika.

Mzazi anayetaka kujua kama fedha zake zinafanya kazi hana haja ya kusoma noti. Jioni amwombe mtoto apige wimbo mmoja, kisha aiweke filimbi chini na kuuimba wimbo ule ule kwa solfa, huku akipiga mapigo kwa mkono. Akishindwa, mzazi aende shuleni akamwombe mwalimu dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi, filimbi zikiwa bado mikobani, watoto waimbe na kupiga makofi.